Jina Chini ya Jina la Mwingine: Uchambuzi wa Biashara ya Vikoa Vidogo

Anwani ya tovuti inayoishia na uk.com huonekana kama ya Uingereza. Serikali ya Uingereza haihusiki nayo, wala Nominet, taasisi inayosimamia .uk, haina sauti juu yake. Ni kikoa cha .com kama kingine chochote, ila aliyekishika aliona faida ambayo wengine hawakuiona: badala ya kujenga tovuti moja juu yake, alianza kuuza nafasi zilizo mbele yake. Kampuni ya London iitwayo CentralNic ilisimamisha biashara nzima juu ya majina ya namna hiyo, yakiwemo uk.com, us.com, eu.com, de.com na za.com, ikaingia soko la hisa la AIM mwaka 2013, na leo inaitwa Team Internet Group. Mfanyabiashara anayekuta jina la duka lake limeshachukuliwa katika .com na katika .co.uk huuziwa lile lile chini ya uk.com. Hulipia kila mwaka, mara nyingi ghali kuliko angelipia .co.uk, na aghalabu hajui kwamba jina alilonunua limo ndani ya jina la mtu mwingine.

Biashara hii ni rahisi kuianzisha kuliko watu wanavyodhani. Mwenye kikoa chochote ana uwezo wa kukigawa chini yake apendavyo bila kuomba ruhusa. Kila kikoa kidogo anachokiuza, yaani tawi la jina lake, ni mstari mmoja au miwili kwenye faili la seva yake ya majina. Mfumo wa majina ya vikoa, DNS, ambao Paul Mockapetris aliubuni mwaka 1983, unaruhusu kila kipande cha jina kiwe na herufi hadi 63 na jina zima hadi herufi 253 hivi, na ndani ya mipaka hiyo tawi laweza kuzaa tawi ngazi baada ya ngazi. Hesabu ya fedha nayo inavutia. Verisign, kampuni inayoendesha rejista ya .com, ilianza Septemba 2024 kuwatoza wasajili dola 10.26 kwa mwaka kwa kila jina. Mwenye jina moja huigharamia mara moja kwa mwaka, kisha akiuza matawi elfu kumi hadaiwi chochote na yeyote aliye juu yake. Bidhaa haiishi, haiozi, haihitaji ghala. Ndiyo maana kila baada ya miaka michache hujitokeza mtu mwenye jina zuri, akatangaza kwamba amepata njia ya kuwapa watu majina mazuri kwa bei nafuu.

Swali ni kama anachokiuza kinaweza kweli kushika nafasi ya kikoa cha kawaida.

Wengi wanaokikataa kikoa kidogo hukikataa kwa sababu isiyo na uzito: kwamba kina nukta nyingi. Kama nukta ndiyo kasoro, basi duka lolote la Arusha lenye anwani ya co.tz lina kasoro hiyo hiyo, maana co ni tawi la tz, na jina la duka ni tawi la co. Hoteli ya Zanzibar iliyosajiliwa chini ya hotel.tz imo katika ngazi ile ile. Seva za majina hazitambui tofauti kati ya duka lililo chini ya co.tz na duka lililo chini ya uk.com, huuliza mzizi, mzizi huelekeza chini, na swali hushuka hivyo hivyo hadi jibu lipatikane. Tofauti yote iko nje ya mashine. Iko katika kile ambacho aliye juu yako hawezi kukufanyia. Anayesimamia .tz amefungwa na sheria ya nchi, na kanuni zake zinajulikana. Rejista ya .com imefungwa na mkataba wake na ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani: kuna ukomo wa bei, kuna muda wa kukomboa jina lililoisha muda, kuna haki ya kumhama msajili mmoja kwenda kwa mwingine, kuna utaratibu wa kutatua migogoro ya alama za biashara uliopitishwa mwaka 1999. Muuzaji wa kikoa kidogo hafungwi na lolote kati ya hayo, labda ajifunge mwenyewe. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba kikoa kidogo kina thamani kwa kadiri muuzaji alivyojifunga, wala si zaidi ya hapo.

Wakazi wa Mombasa wanaijua hali hii kwa sura nyingine. Kuna mitaa ambako mtu humiliki nyumba bila kumiliki ardhi: ameijenga kwa fedha yake, anaipangisha, aweza kuiuza hata kuirithisha, lakini kodi ya kiwanja humpelekea mwenye ardhi. Utaratibu huo umeishi vizazi kwa vizazi kwa nguvu ya maelewano. Ardhi inapouzwa kwa mtu asiyeyajua maelewano hayo, ndipo mwenye nyumba anapogundua kwamba matofali ni yake na pa kuyaweka si pake. Mnunuzi wa kikoa kidogo yuko pale pale. Maandishi ni yake, picha ni zake, wateja ni wake. Anwani wanayomfikia kwayo ni ya mwingine.

Mti wa majina, ukweli usemwe, haukukusudiwa kuwa mfupi. Juni 1993 Ann Cooper na Jon Postel walichapisha hati iliyopewa namba RFC 1480, wakaeleza namna .us itakavyogawanywa: jimbo, kisha mji, kisha shule, maktaba au duka. Kila ngazi iwe na msimamizi wake wa mahali pale, anayewajua watu wake, na usimamizi huo ulichukuliwa kuwa dhamana kwa ajili ya jamii. Ilikuwa fikra nzuri. Iliyoishinda ni biashara: .com ilikuwa fupi, haikubagua mji wala jimbo, na Septemba 1995 Network Solutions, kampuni iliyokuwa ikisajili majina hayo, ilipoanza kutoza dola 100 kwa miaka miwili ya kwanza, malipo yenyewe yalilifanya jina kuwa mali ya kununuliwa. Majina mazuri yakaisha mapema. Katika uhaba huo ndimo vikoa vidogo vya kuuza vilimozaliwa.

Hata rejista rasmi zilijaribu kuuza ngazi ya tatu, na yaliyozikuta yanafundisha. Mwaka 2002 .name ilifunguliwa kwa ajili ya watu binafsi, na mwanzoni mtu hakuweza kusajili jina moja mbele ya .name; alipata jina lake, nukta, kisha jina la ukoo, ili watu wengi wa ukoo mmoja wagawane. Mantiki yake ilikuwa safi. Wateja hawakuitaka, na kufika 2004 ngazi ya pili ikafunguliwa. Rejista ya .pro nayo ilianza kwa kuwauzia madaktari na wanasheria majina yaliyo chini ya med.pro na law.pro, ikafungua ngazi ya pili mwaka 2008. Uingereza, iliyoishi na .co.uk kwa muda mrefu, iliruhusu majina mafupi ya .uk kuanzia Juni 2014. Kenya ilifanya hivyo kwa .ke mwaka 2017, na Australia kwa .au Machi 2022. Kote huko watu walikuwa na tawi lenye ulinzi kamili wa kisheria, na bado, walipopewa nafasi, wengi walitaka kupanda ngazi moja juu. Muuzaji wa vikoa vidogo anaogelea dhidi ya mkondo huo. Na uhaba uliompa riziki umepungua: tangu miaka ya 2010 vikoa vipya vya ngazi ya juu vimefunguliwa kwa mamia, .shop ikiwemo, na .africa ikafuata mwaka 2017. Anayekosa .com leo ana milango mingine kabla ya kugonga kwa mpangishaji.

Hayo ni ya soko. Kuna jambo zito kuliko soko, nalo ni kwamba wanaoishi chini ya jina moja huadhibiwa pamoja.

Mfano mkubwa kuliko yote ni co.cc. Kiambishi .cc ni cha Visiwa vya Cocos, vilivyo chini ya Australia katika Bahari ya Hindi, na co.cc kilikuwa kikoa cha kampuni ya Korea Kusini iliyogawa matawi yake bure au kwa bei ya kutupa, kwa maelfu kwa mpigo. Jina lilivutia kwa sababu lilifanana na mafungu rasmi kama co.uk na co.ke. Wanafunzi walilichukua, wanablogu wakalichukua, na matapeli wakalichukua kuliko wote: kurasa za kunasa nywila, programu hasidi, tovuti za dawa bandia. Kwao tawi la bure lilikuwa silaha isiyo na hasara. Likifungwa asubuhi, mchana wamesajili lingine. Julai 2011 Google iliondoa co.cc yote katika matokeo yake ya utafutaji. Matawi zaidi ya milioni 11 yalitoweka kwa pamoja machoni pa watafutaji, ya mwizi na ya mwanafunzi. Google ilikuwa na sababu za kulinda watumiaji wake, na sioni kwamba ilikosea kuchukua hatua. Lakini mtazame mtu aliyejenga blogu ya mapishi chini ya jina lile, hakumtapeli yeyote, na hakuwa na mahali pa kukatia rufaa. Kwa Google yeye hakuwa tovuti. Alikuwa sehemu ya co.cc.

Miezi miwili baadaye mahakama iliingia. Septemba 2011 Microsoft ilifungua kesi katika mahakama ya shirikisho huko Virginia dhidi ya mtandao wa kompyuta zilizoambukizwa ulioitwa Kelihos, na miongoni mwa walioshtakiwa ilikuwepo kampuni ya Jamhuri ya Czech iliyogawa vikoa vidogo chini ya cz.cc. Kwa agizo la mahakama kikoa mama kilizimwa, na kila aliyekuwa chini yake akazimika nacho. Mwezi uliofuata Microsoft iliiondoa kampuni hiyo katika kesi baada ya kukubaliana nayo namna ya kusafisha matawi yaliyotumika vibaya. Kisheria suala liliisha vizuri. Kwa mwenye tawi la halali, tovuti ilikuwa imelala na barua pepe zilikuwa hazifiki, kwa kesi ambayo hakutajwa ndani yake wala hakuitwa kujieleza.

Tukio la No-IP la mwaka 2014 linauma zaidi, kwa sababu huyu hakuwa mgawaji wa ovyo. No-IP ni huduma ya kampuni ya Vitalwerks ya Nevada, na matawi yake yana kazi ya kweli: mtu mwenye kamera za ulinzi nyumbani au seva ndogo ofisini, ambaye namba yake ya intaneti hubadilika kila mara, hupata jina lisilobadilika la kuifikia. Juni 30 mwaka huo Microsoft, ikiwa na agizo la mahakama lililotolewa bila upande wa pili kusikilizwa, ilichukua zaidi ya vikoa 20 vya kampuni hiyo ili kuvunja programu hasidi zilizokuwa zikitumia baadhi ya matawi. Nia ilikuwa kuchuja, wabaya wazuiwe na wema wapite. Mitambo haikumudu mzigo. Kampuni ilisema majina yapatayo milioni 4 yaliathirika. Ndani ya siku chache vikoa vilirudishwa, na mnamo Julai 9 pande mbili zilitangaza kwamba zimeelewana na kwamba kampuni hiyo haikuhusika kwa kujua na uhalifu ule.

Nimekaa juu ya visa hivi vitatu kwa makusudi, kwa kuwa wauzaji wa vikoa vidogo huvieleza kama ajali za zamani. Havikuwa ajali. Anayetaka kumzuia tapeli, awe injini ya utafutaji, mtoa huduma ya barua pepe, au hakimu, hutafuta mahali pa kukata. Akikata kwenye tawi, tapeli hufungua jingine bure. Kwa hiyo hupanda na kukata pale ambapo kuna gharama na kuna mtu wa kuwajibika, na mahali hapo ni kikoa kilichosajiliwa. Madhali matawi ni rahisi kupatikana kuliko kikoa, shinikizo la kukata juu litakuwepo daima. Muuzaji anayetangaza bei ya chini sana anakaribisha majirani watakaokuponza. Ubure haujawahi kuwa salama hata kwenye ngazi ya nchi: kampuni ya Freenom iliyogawa bure majina ya .tk, .ml, .ga, .cf na .gq ilishtakiwa na Meta mwaka 2023, Gabon ikairudisha .ga mikononi mwake mwezi Juni mwaka ule na kufuta mamilioni ya majina, na mwanzoni mwa 2024 Freenom ikatangaza kuiacha biashara ya vikoa. Hapo palikuwa na mikataba na serikali, na bado nyumba iliporomoka.

Hatari ya pili haihitaji tapeli wala hakimu. Inahitaji mtu asahau kulipa. Kikoa mama ni kitu cha kukodi mwaka hadi mwaka, na kikiisha muda wake kila kilicho chini yake huisha nacho. Mtu angedhani hilo huwapata wadogo tu. Google ilikuwa na kikoa blogspot.in, ambako kwa miaka kadhaa wasomaji wa India walikuwa wakipelekwa wanapofungua blogu za Blogspot. Mwaka 2020 muda wa kikoa kile uliisha, hakikuhuishwa, na mtu mwingine akakinunua. Viungo kwa mamilioni vilivyokuwa vimesambaa kwenye tovuti nyingine, kwenye vitabu na kwenye barua pepe vikawa vinaelekea kwa mgeni. Ikiwa kampuni yenye wanasheria na wahandisi wale yaweza kukiacha kikoa kikaiponyoka, muuzaji wa mtu mmoja anayeendesha biashara yake kutoka sebuleni anastahili kuulizwa maswali mengi.

Upo pia upande wa vivinjari, ambao mnunuzi wa kawaida haujui kabisa. Kivinjari hutunza vidakuzi, yale mabaki madogo yanayokumbuka kwamba umeingia kwenye akaunti yako, na huvigawa kwa kufuata vikoa. Kisipoambiwa vinginevyo, hudhani kwamba matawi yote ya kikoa kimoja ni ya mtu mmoja, hivyo tawi la jirani laweza kupandikiza kidakuzi kinachofika hadi kwenye tovuti yako. Ili kuzuia hilo, Mozilla ilianzisha orodha ya viambishi vya umma, inayotunzwa na watu wa kujitolea, ambamo huandikwa kila kikoa ambacho chini yake wanaishi watu wasiohusiana. Uk.com imo. Github.io imo pia: mwaka 2013 GitHub ilizihamisha kurasa za watumiaji kutoka github.com kwenda github.io kwa sababu ya hatari hii hii. Orodha hiyo ina athari hata kwenye vyeti vya usalama. Let's Encrypt, inayotoa vyeti bure, ina ukomo wa vyeti vipya 50 kwa wiki kwa kila kikoa kilichosajiliwa; muuzaji ambaye kikoa chake hakimo katika orodha atakuta wateja wake wote wanagombania hivyo 50. Swali moja kwa muuzaji, kama kikoa chake kimo kwenye orodha hiyo, humtenga anayeijua kazi yake na anayebahatisha.

Afrika Mashariki tunaishi na vikoa vidogo zaidi ya tunavyokiri. Kizazi cha kwanza cha blogu za Kiswahili kilikulia chini ya blogspot.com, Issa Michuzi alianza pale mwaka 2005, na kwa Watanzania wengi waliokuwa ughaibuni anwani ile ilikuwa dirisha la kuiona nyumbani. Tawi la bure lilifanya kazi ambayo bei ya kikoa ingeizuia. Siwezi kuudharau mchango huo. Lakini Blogspot, WordPress.com na wenzao hawauzi tawi. Hulitoa bure ili siku moja ulipie jina lako mwenyewe, au ili matangazo yapite. Wao wenyewe, kwa muundo wa biashara yao, wanakubali kwamba tawi ni hatua ya kuanzia. Anayeuza tawi kama mwisho wa safari anadai kitu ambacho hata wakubwa hao hawakidai.

Kwetu kuna jambo jingine, nalo ni la sheria. Desemba 2016, Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alipofikishwa mahakamani Dar es Salaam, miongoni mwa mashtaka lilikuwemo la kuendesha kikoa kisichosajiliwa chini ya .tz. Kesi ile iliwaonyesha wenye tovuti nchini kwamba mzizi wa jina una maana ya kisiasa: aliye chini ya .tz yuko karibu na mkono wa mdhibiti wa nchi, aliye chini ya .com yuko karibu na mahakama za Marekani. Mnunuzi wa kikoa kidogo yuko chini ya wakubwa wawili kwa wakati mmoja, yaani mamlaka ya mzizi na muuzaji wake, na muuzaji huyo akitishwa na yeyote ana kila sababu ya kumtoa mteja mmoja ili aokoe maelfu. Chombo cha habari au shirika la kutetea haki lisikae hapo.

Bado kuna aina nyingine ya uuzaji wa matawi ambayo haijitangazi kama uuzaji wa majina. Gazeti kubwa lenye jina linaloaminika na injini za utafutaji humkodisha mtu baki tawi lake, naye huweka humo kurasa za kuponi au za kulinganisha mikopo, zikapanda juu kwenye matokeo kwa nguvu ya jina la gazeti. Kinachouzwa hapo ni heshima ya kikoa mama. Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya matumizi hayo ya sifa ya tovuti, ikaanza kuitekeleza Mei, na Novemba ikaikaza zaidi. Nadhani ni haki. Msomaji aliyeamini gazeti kwa sababu ya waandishi wake hakukubali imani hiyo ikodishwe kwa mkopeshaji.

Jaribio la kuvutia zaidi la kumfunga mikono mwenye kikoa mama limetoka mahali ambapo wengi hawapatazami. Mfumo wa majina wa Ethereum, ENS, ulioanza Mei 2017, ulipata mwaka 2023 utaratibu unaomwezesha mwenye jina kuuza tawi kisha akajinyima kabisa, kwa msimbo usiorudi nyuma, uwezo wa kulichukua tena. Hilo ndilo ambalo mikataba ya karatasi imekuwa ikijaribu kulifanya. Hata humo, tawi haliwezi kuishi kupita muda wa jina mama, kwa hiyo mtu lazima aendelee kulipia. Isitoshe majina ya .eth hayamo katika mzizi wa kawaida wa intaneti. Mteja anayeandika anwani yako kwenye simu yake ya kawaida hafiki. Kwa pochi za sarafu za kidijitali jina la namna hiyo linafaa. Kwa duka la vipuri la Kariakoo halina kazi leo.

Basi kikoa kidogo kinamfaa nani? Kinamfaa mwenye shughuli yenye mwisho unaojulikana: maonyesho, kongamano, darasa la muhula mmoja, jaribio la bidhaa kabla ya kuijengea jina. Kinafaa sana pale ambapo kuwa chini ya jina la mwingine ndiyo maana yenyewe. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa chenye kikoa chake kinaweza kumpa kila chama cha msingi tawi, na mnunuzi wa nje akiliona tawi hilo anajua mara moja kwamba huyu ni mwanachama aliyethibitishwa. Vivyo hivyo kwa chama cha waongoza watalii au chama cha mafundi. Hapo mwenye kikoa mama anachaguliwa na wanachama, ana mkutano mkuu, anaweza kuondolewa. Ile dhamana ambayo Cooper na Postel waliikusudia imerudi kwa njia ya katiba ya chama. Nashangaa kwamba vyama vyetu, vyenye wanachama wengi na desturi ya kuwajibishana, havijaitumia fursa hii ipasavyo, huku wanachama wao wakiendesha biashara nzima kwa namba ya WhatsApp na ukurasa wa Facebook, ambako kikoa si chao wala tawi si lao.

Hakimfai mtu anayetegemea anwani hiyo kwa barua pepe za biashara. Tovuti ikihama, wateja wanaweza kuelekezwa. Barua pepe iliyotumwa kwenye anwani iliyokufa, ikiwa na oda au ankara ndani yake, hairudi. Na ikiwa anwani iliyokufa itafufuliwa na mwingine, barua za kubadilisha nywila za benki zitamfikia huyo mwingine. Hapa sioni nafasi ya mjadala. Biashara inayotaka kudumu isajili co.tz, .ke, .ug, .com au .africa, hata kama jina la kwanza ililolitaka limechukuliwa na itabidi ichague la pili kwa uzuri.

Kwa anayetaka kuuza, kazi iko wazi ijapokuwa si ndogo. Amkabidhi mnunuzi mamlaka kamili ya tawi, kwa kulielekeza kwenye seva za majina za mnunuzi mwenyewe, badala ya kumwekea mstari anaoudhibiti yeye. Aandikishe kikoa chake katika orodha ya viambishi vya umma. Awe na mtu wa kupokea malalamiko ya utapeli na kuyashughulikia siku hiyo hiyo, kwa sababu uzembe wake utawazima wote. Awe na utaratibu wa migogoro wa nje: CentralNic, kwa mfano, ilikubali kesi za majina yake zisikilizwe chini ya usimamizi wa WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, na hilo ni jambo la kuigwa. Bei ya kuhuisha iandikwe kwenye mkataba tangu siku ya kwanza, maana mtego wa kawaida ni mwaka wa kwanza kwa dola moja na wa pili kwa dola hamsini, wakati kadi za biashara zimeshachapwa na bango limeshapakwa rangi. Aeleze jina litakwenda kwa nani akifa au akifilisika. Na aahidi kwa maandishi kwamba akiifunga huduma, kila tawi litaelekezwa kwenye anwani mpya ya mwenyewe kwa angalau mwaka mzima.

Yupo muuzaji mdogo atakayesema masharti hayo ni ya kampuni kubwa. Moja angalau liko ndani ya uwezo wa yeyote: kikoa cha .com kinaweza kulipiwa hadi miaka 10 mbele, na kwa bei za kawaida za wasajili gharama ya miaka yote hiyo ni ndogo kuliko mapato ya matawi mia moja kwa mwaka mmoja. Tarehe ya kuisha muda iko wazi kwenye kumbukumbu za umma za usajili, na mnunuzi anaweza kuitazama kwa dakika moja kabla ya kutoa fedha yake. Akikuta kikoa mama kimebakiza miezi minne, huku yeye akiuziwa tawi la miaka mitano, asilipe.